Mzee Alisema Mashine Inakimbia

Nimekuwa kimya wiki kadhaa na safari hii sisingizii kazi. Nilikuwa nimejifungia katika chumba cha mabati huko Kibera, upande wa Olympic, chumba ambacho kuta zake zimebandikwa trei za mayai. (Msidanganywe, trei za mayai hazizuii sauti kutoka nje. Jirani anasikia kila kitu. Zinapunguza mwangwi kidogo tu, na blanketi nzito hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.)

Humo ndani tunakutana watu wanne kila Jumamosi kupiga muziki wa mashine. Vyombo vyetu ni mashine ndogo ya ngoma ya Korg, sinthesaiza ya mtumba inayotoa besi, na kinanda cha Yamaha cha kanisa, ambacho tunaazimwa mradi kirudi kabla ya ibada ya Jumapili. Sheria ni moja: laptopu marufuku. Mimi ninayekula kwa sababu ya laptopu ndiye niliyeitetea sheria hiyo kuliko wote. Studio nyingi za Nairobi zimekua kwa FruityLoops na kompyuta moja, na kazi nzuri imetoka humo, lakini watu wanne hawawezi kushika kipanya kimoja. Mmoja anafanya, watatu wanatazama mgongo wake.

Wala si sisi tulioanza mambo haya mjini. Santuri walifungua chuo chao cha muziki wa kielektroniki hapa Nairobi mwaka 2021. KMRU, mjukuu wa marehemu Joseph Kamaru yule tuliyemjua kwa nyimbo za Kikuyu, alitoa albamu yake Peel mwaka 2020 kupitia Editions Mego, na kuna watu Ulaya wanaomjua mjukuu bila kumjua babu. Sisi ni wadogo sana mbele ya hao. Tuna bahati tu ya kuwa na chumba, na stima ikiwepo.

Sasa tuingie kwenye ufundi. Mashine mbili zikipigwa pamoja kila moja na saa yake, zitaachana. Weka moja mapigo 120 kwa dakika na nyingine 120.5. Mwanzoni husikii kitu. Baada ya dakika 4 moja imetangulia mapigo 2 kamili, na muziki unasikika kama matatu mbili zinazogombania abiria. Dawa ni MIDI, lugha ya vyombo iliyotangazwa mwaka 1983, ambayo Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani walipewa tuzo ya Grammy ya kiufundi mwaka 2013. Ndani yake kuna saa: chombo kimoja kinakuwa kiongozi na kutuma ishara 24 katika kila pigo moja, vingine vinahesabu na kufuata. Ishara yenyewe ni baiti 1 tu. Waya unabeba biti 31,250 kwa sekunde, kasi ambayo leo ni ya kuchekesha, lakini inatosha.

Waya wetu wa kwanza ulitutesa jioni nzima. Plagi zake zilikuwa na pini 5 kama inavyotakiwa, kumbe ni waya wa redio za zamani na ndani zimeunganishwa pini 3 tu. MIDI inapita kwenye pini ya 4 na ya 5. Tulizifungua tukalehemu upya, zikaongea.

Kisha akaja mzee. Anaishi Kawangware, karibu na kwangu, na hupiga isukuti kwenye matanga na harusi za watu wa Kakamega. (Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.) Nilimwomba aje asikie tu. Alikuja na ngoma yake kubwa, akasikiliza mashine ikiwa kwenye 120, akasema hapo hapo pazuri, akaanza kupiga. Jamani! Wiki tatu tulipiga hivyo, na sijawahi kuona Jumamosi zikienda mbio namna ile.

Mimi nikaona nitengeneze kitu kizuri zaidi. Nilichukua ubao mdogo wa Arduino, nikaandika programu ya kuwa saa ya vyombo vyote, nikauwekea kioo kidogo kinachoonyesha kasi. Nyumbani nilijaribu kwa mapigo 100 na ikawa sawasawa kabisa. Jumamosi nikaweka 120, ile ya mzee. Tukaanza.

Baada ya muda mfupi mzee akasimamisha mikono. "Mnakimbilia wapi?"

"Mzee, ni ile ile ya juzi. Tazama, 120."

"Mimi sitazami. Inakimbia."

Tukaanza tena, akasimama tena. Ndipo nikasema jambo ambalo bado linaniuma. Nilimwambia, mbele ya vijana wa rika la wajukuu wake, kwamba mashine haikosei, labda mikono imechoka leo. Hakujibu. Alifunga ngoma yake kwenye shuka, akasema anawahi matatu.

Usiku ule sikulala. Nilifungua programu nikiwa na hakika sitakuta kitu. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano: dakika ina milisekunde 60,000. Gawanya kwa 120, kisha kwa 24, unapata milisekunde 20.83 kati ya ishara na ishara. Lakini mimi nilitumia namba nzima, zisizojua desimali, na kompyuta ikitupa desimali haikuulizi. Programu ilikuwa inasubiri milisekunde 20. Rudisha hesabu nyuma: ni mapigo 125 kwa dakika. Kioo kinasema 120, vyombo vyote vinapiga 125, na kwa kuwa vyote vinamfuata kiongozi mmoja hakuna wa kumpinga. Isipokuwa mzee.

Na kwa nini jaribio la nyumbani lilipita? Kwa mapigo 100 jibu ni milisekunde 25 kamili. Nilichagua namba moja inayogawanyika vizuri nikajipa alama zote. Nina digrii ya mambo haya, tafadhali.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi: nikahesabu kwa maikrosekunde, 20,833, basi. Kwenda kwa mzee kulichukua siku nne. Nilimkuta nje ya nyumba yake akikaza ngozi ya ngoma. Nilimweleza yote, hata desimali. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo ilikuwa inakimbia?"

"Ilikuwa inakimbia, mzee wangu."

"Haya. Kaa, chai inakuja."

Tukiwa kwenye chai akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: kwa nini yeye aifuate mashine, mashine isimfuate yeye? Basi nimebandika kwenye ngoma yake kile kisahani cha shaba kinacholia ndani ya kadi za kuimba. Kikitikiswa kinatoa umeme kidogo, Arduino inasoma kila dundo na kurekebisha saa taratibu. Bado inababaika. Akipamba mdundo kwa vidole programu inadhani kasi imepanda maradufu, na sinthesaiza inaruka kama mbuzi. Mzee anacheka mpaka anashika mbavu.

Jumamosi iliyopita tulitoka Kawangware pamoja kwa miguu, tukafuata Naivasha Road, Ngong Road mpaka Adams, kisha Kibera Drive. Ngoma niliibeba mimi.