Barua za Wimpole Street Zilivyoniinua Kitandani

Naandika haya kwa ajili ya mgonjwa wa siku nyingi, yule ambaye jamaa wameshazoea kumkuta amelala, wakipita mlangoni wanamsalimia kwa sauti ya chini. Nilikuwa mwenzenu. Nilifundisha fasihi sekondari mpaka uti wa mgongo uliponiangusha. Nikafanyiwa upasuaji, kisha nikaletwa kwa kaka yangu Ngamiani, Tanga, nikapewa chumba cha uani. Daktari alisema nitembee kidogo kidogo, lakini moyoni nilishakata shauri kwamba kilichobaki ni kungoja siku yangu. Wifi yangu alinitunza mno, Mungu amlipe. Kila nilichotaka kililetwa, na kadiri kilivyoletwa ndivyo nilivyopoteza sababu ya kuinuka.

Aliyenionyesha barua hizi ni binti wa kaka, aliyekuwa akisoma chuo. Alikaa ukingoni mwa kitanda na simu yake mkononi.

"Shangazi, si wewe uliyekuwa ukitusimulia habari za mama huyu? Barua zake zipo hapa, hata mwandiko wake unauona."

Mama mwenyewe ni Elizabeth Barrett, mshairi wa Uingereza wa zama za Malkia Victoria. Chuoni tulisoma soneti zake 44, alizotunga kwa siri wakati wa uchumba. Nilizifanyia mtihani, nikafaulu, yakaisha. Barua zilikuwa jambo jingine kabisa. Ziko 573, zake na za mshairi mwenzake Robert Browning, za tangu Januari 1845 hadi Septemba 1846. Zinahifadhiwa Marekani, katika Chuo cha Wellesley karibu na Boston. Mwaka 2012 chuo hicho kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Baylor cha Texas kuziweka kwenye intaneti pamoja na bahasha zake, bure kwa yeyote.

Nilisoma mpaka simu ikaisha chaji. Robert ndiye anayeanza, tarehe 10 Januari 1845. Hajamwona, amevutiwa na mashairi tu. Elizabeth ana miaka 38, mgonjwa tangu usichana, kifua kibovu, anatumia maji ya afyuni apate usingizi. Kaka yake kipenzi alizama baharini huko Torquay mwaka 1840, na huzuni ile imemfungia katika chumba cha juu, nyumba namba 50 Wimpole Street, London. Robert anaomba aende kumwona. Anajibiwa asubiri baridi ipite. Udhuru huo naujua. Wenzangu wa shule nilikuwa nikiwaambia wangoje masika iishe ndipo waje kunitazama, na masika ilipoisha nikawatajia sababu nyingine. Robert alingoja hadi tarehe 20 Mei.

Nilikuza picha nikatazama mwandiko. Ni mdogo, umebanana, na mara nyingi pale ambapo sisi tungeweka mkato, yeye anaweka nukta mbili zinazofuatana. Yapo maneno aliyoyakoroga kwa wino mpaka hayasomeki. Robert naye, juu ya bahasha alizopokea, ameandika tarehe za siku alizomtembelea na saa alizokaa. Niliziangalia tarakimu zile kwa muda mrefu. Mwanamke ambaye watu wa nyumbani kwake walimwona kama mtu wa kuzikwa wakati wowote, kuna mtu aliyekuwa akihesabu dakika zake kama mali.

Nilichokuja kukiamini nilikipata katika mpangilio wa barua, si katika soneti. Ukisoma soneti peke yake utadhani mapenzi yalimwinua siku moja. Barua zinaonyesha ilivyokuwa. Anashuka ngazi hadi sebuleni. Anapanda gari kidogo, anachoka, anarudi kitandani. Mei 1846 anateremka garini Regent's Park na kukanyaga majani kwa miguu yake, na siku hiyo anamwandikia Robert kama mtu aliyevuka bahari. Halafu mwanzoni mwa Septemba wezi wanamwibia Flush, mbwa wake, wakidai pesa. Robert anamshauri asiwalipe. Elizabeth anapanda gari la kukodi na mtumishi wake, anakwenda mwenyewe Shoreditch, mtaa wa maskini, hadi nyumbani kwa mkuu wa wezi. Na mbwa akarudi! Tarehe 12 ya mwezi huohuo akaolewa kwa siri, kwa kuwa baba yake hakutaka mtoto wake yeyote aoe wala aolewe, na wiki moja baadaye wakaondoka kwenda Italia.

Nilipomaliza barua ya Regent's Park nilimwita wifi.

"Wifi, nipe kandambili zangu."

"Unataka nini nikuletee?"

"Hapana. Nakwenda mwenyewe."

Nilishika ukuta mpaka kwenye bomba la uani, nikanawa uso, nikarudi kulala mgongo ukiwaka moto. Kesho yake nikaenda tena. Baadaye nikafika barazani, kisha barabarani. Siku moja kaka akanipeleka kwa bajaji mpaka Raskazone, nikaiona bahari.

Sikupona, na Elizabeth hakupona. Afyuni hakuiacha. Lakini alizaa mtoto huko Florence mwaka 1849 akiwa na miaka 43, akaandika vitabu, akaishi hadi 1861. Baba yake hakumsamehe, hata barua zake alizirudisha bila kuzifungua. Mimi natembea na fimbo, na jioni nafundisha watoto wa mtaa barazani. Nimeurudia pia Utendi wa Mwana Kupona. Miaka yote niliufundisha kama wasia wa mama kwa binti yake, nikiupita haraka ugonjwa uliomlaza alipoutunga mnamo 1858. Sasa naanzia hapo.

Barua moja katika mfululizo huo haipo: ile Robert aliyoandika baada ya kuonana mara ya kwanza. Ilimtisha Elizabeth, akairudisha, naye Robert akaichoma. Uzeeni Robert alichoma karatasi nyingine nyingi, lakini hizi alizitunza katika kisanduku, akamwachia mwanawe aamue. Mwana akazichapisha mwaka 1899, na wapo waliomlaumu kwa kuanika siri za wazazi. Mimi namshukuru. Angezichoma, ningejua soneti tu.

Basi wewe uliyelala, mwambie mtoto wa nyumbani akutafutie barua ya 10 Januari 1845. Kiingereza kikikuwia kigumu, akusomee na kukueleza. Usiruke ukakimbilia harusi. Soma kwa kufuata tarehe. Ukifika Mei 1846, omba kandambili zako, na ukichoka, rudi ulale, kesho uendelee.