Kisangani Juu ya Magurudumu Mawili

Mgeni afikaye Kisangani hutazama kwanza mto, wala hakosei. Lualaba, ukiisha kupita maporomoko saba ya Boyoma katika mwendo wa kilomita 100 hivi toka Ubundu, hutulia hapa na kuitwa Kongo, na kuanzia hapa meli zaweza kuteremka mpaka Kinshasa, safari ya kilomita zaidi ya 1,700. Penye maji ya kasi Wagenia hutega vikapu vyao vikubwa juu ya majukwaa ya miti, kama walivyofundishwa na babu zao. Lakini mgeni akiisha kushiba mto, na ageuke atazame barabara.

Mji wetu ni tambarare. Hatuna vilima vya Bukavu vya kumtoa mtu pumzi. Kati ya komini sita za mji, yaani Makiso, Tshopo, Kabondo, Mangobo, Kisangani na Lubunga, tano ziko upande mmoja wa mto, na mtu mwenye miguu mizima aweza kuzizungukia zote tano katika siku moja akarudi kwake kabla ya giza. Taabu zake ni mbili tu: jua, maana mstari wa Ikweta uko karibu, na mvua, ambayo kwetu haina mwezi wa likizo. Kwa sababu hiyo baiskeli, ambayo wengi hapa huiita kinga, ilipata kwetu makao mema kuliko katika miji mingi ya nchi hii.

Mimi nimeipanda tangu ujana wangu, na sasa kichwa changu ni cheupe. Mtu aendaye kwa gari huuona mji kwa dirisha, naye aendaye kwa miguu huona mtaa wake tu. Mwenye baiskeli yu katikati: huwasikia watu wanavyosema, huona nani amejenga na nani amehamishwa, tena hujua kila shimo la barabara kwa jina lake. Basi haya ni mawazo ya mtu wa namna hiyo, na msomaji aliye kijana ana ruhusa ya kuyakataa.

Neno la kwanza analopaswa mgeni kujifunza ni toleka. Ni neno la Kilingala, na maana yake ni "tupite". Ndilo jina tulilowapa vijana na wazee waliopakia watu nyuma ya baiskeli kwa nauli. Keria ya nyuma ilifungwa mto wa kukalia, ulioshonwa vizuri na mara nyingi wenye rangi za kupendeza, na abiria alikaa hapo na kapu lake magotini. Kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1990, siku ambazo usafiri wa mji ulikuwa umekwisha kuharibika. Lakini ilipata nguvu zake zote wakati wa vita. Mwezi wa Agosti 1998 mji uliingia mikononi mwa waasi, na njia ya mto kwenda Kinshasa ikafungwa mpaka mwaka 2003. Petroli ikawa kama dawa ya hospitali, magari yakalala chini ya miembe, na majani yakaota ndani yake. Hapo mji mzima ukakalia keria.

Nani waliokuwa toleka? Si wahuni, kama baadhi ya watu walivyopenda kusema. Walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu, makarani, mafundi, na walimu ambao mishahara yao haikuja. Mimi nilifundisha asubuhi na kupakia watu mchana. Asiye na baiskeli alikodi kwa mwenye mali, naye kila jioni alipaswa kumpelekea fedha waliyopatana, awe amepata abiria au hakupata. Hao ndio niliowahurumia, maana mvua iliponyesha toka asubuhi hata jioni, mwenye baiskeli hakulowa wala hakupoteza kitu, na hasara yote ilimwangukia yule aliyekuwa juu ya pedali.

Nauli ilisemwa kabla ya safari. Nadhani desturi hiyo ilikuwa shule kubwa ya haki. Abiria alimwona mtu atakayemchukua, akaona miguu yake na jasho lake, naye mchukuzi alimtazama abiria na mzigo wake, kisha wakapatana uso kwa uso. Namkumbuka mama mmoja wa Mangobo aliyekuwa akitoka sokoni na gunia la unga wa muhogo na mtoto wa miaka minne. Nilipotaja nauli, akashika kiuno. "Papa, hata mtoto unamhesabu?" Nikamjibu, "Mama, mtoto simhesabu. Gunia ndilo ninalolihesabu." Akacheka, akaongeza kidogo, nami nikapunguza kidogo, tukaenda. Kila nilipomwona baadaye aliniuliza habari za gunia.

Tuje sasa kwenye michezo, maana vijana hunicheka nikisema kwamba mchezo mkubwa wa mji huu hauko katika uwanja. Siku za mpira, TS Malekesa au AS Nika ikicheza katika Uwanja wa Lumumba, utasikia kelele toka mbali, na baada ya mchezo utawasikia walioshindwa wakimlaumu mwamuzi njia nzima. Naupenda mpira. Ila napenda zaidi mbio za baiskeli, kwa sababu mle hakuna penalti ya kubishania: mstari wa kuanzia ni mmoja, umbali ni ule ule, na atanguliaye ameonekana na wote.

Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanywa Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio kubwa ya wanaume ilikuwa na urefu wa kilomita zaidi ya 260, juu na chini katika vilima vile, ikashindwa na Tadej Pogačar wa Slovenia, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Mwaka mmoja kabla yake, katika mbio kuu ya Ufaransa, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu na kutwaa fulana ya kijani. Kabla yake hakuna Mwafrika mweusi aliyepata kushinda hata hatua moja ya mbio hiyo, ambayo ilianza mwaka 1903. Habari hizo zilinifurahisha kama kijana.

Katika sheria za mbio hizo kuna moja inayonipendeza kuliko zote. Yasema kwamba baiskeli ya mashindano isiwe na uzito chini ya kilo 6.8. Pasipo sheria hiyo tajiri angenunua baiskeli nyepesi mno, maskini abaki nyuma, na ushindi ungekuwa wa mfuko. Tazameni sasa barabara ya Banalia na Buta, upande wa kaskazini wa mji wetu. Huko huja watu wakisukuma baiskeli zilizopakiwa madebe ya mawese, mchele, kuku waliofungwa miguu, na zarudi na chumvi, sabuni na nguo. Toka Kisangani mpaka Banalia ni kilomita karibu 130, na Buta iko mbali zaidi ya mara mbili. Mzigo huzidi uzito wa mtu mzima, hata mwenyewe hawezi kupanda. Hufunga kijiti kwenye usukani apate kuiongoza, na husukuma akiwa anatembea, siku baada ya siku, katika tope na katika mchanga. Sheria iliyoweka mwisho wa wepesi ipo. Sheria ya kuweka mwisho wa uzito, mimi sijaisikia.

Na adabu ya mbio iko hata huko. Katika mashindano, atanguliaye huukata upepo, na wafuatao nyuma yake hutumia nguvu kidogo. Kwa hiyo wenye heshima hupokezana mbele, na asiyetaka kuchukua zamu yake huonwa mwizi wa jasho. Wachuuzi wa njia ya Banalia hawana upepo wa kukata, wana miinuko ya udongo mwekundu. Wakifika penye mteremko mkali huacha baiskeli zote chini, husukuma ya kwanza watu watatu au wanne pamoja, kisha hurudi kuchukua ya pili, mpaka zote zimepanda. Mzee hatangulizwi kwa sababu ni mzee, ila hapewi zamu ya chini kabisa. Nani aliwafundisha, sijui, wamezoea hivyo.

Ningependa wanafunzi wajue jambo moja zaidi juu ya gurudumu. Tairi ya kujazwa pumzi ilitengenezwa na John Boyd Dunlop mjini Belfast mwaka 1888, na kwa muda mfupi watu wa Ulaya na Marekani wakashikwa na wazimu wa baiskeli. Sehemu ya mpira uliotakiwa kwa tairi hizo ilitoka katika mimea itambaayo ya misitu yetu, na nchi hii ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II toka mwaka 1885 hata 1908. Watu wa vijiji walilazimishwa kuingia msituni kuukamua, na kijiji kilichopungukiwa kilipigwa, kilichomwa, wake zao wakashikwa mateka, na mikono ikakatwa. Bwana fulani wa Ulaya alipanda baiskeli yake siku ya Dominika kwenda kunusa maua, asijue gurudumu lake limetoka wapi. Simlaumu kwa kutojua. Lakini mimi nijuaye, kila ninapobandika kiraka juu ya pancha, huwakumbuka.

Siku hizi pikipiki zimechukua mahali pa toleka. Zilianza kuingia kwa wingi mto na barabara zilipofunguliwa baada ya vita, na leo abiria wa baiskeli wamekuwa wachache sana. Sitaki kusema maneno ya mzee mwenye wivu. Mwanamke ashikwaye na uchungu usiku huko Kabondo hufika hospitali upesi kwa pikipiki, na hilo latosha kuzisifu. Lakini barabara nayo ni mali ya wote. Mwenye pikipiki hupiga honi mara moja na kudhani amekwisha kuomba ruhusa. Mwenye baiskeli husukumwa kwenye mfereji, naye humwaga maji ya tope juu ya mwenye miguu. Kila mmoja humwonea aliye dhaifu kuliko yeye, na mtoto wa shule, ambaye hana wa kumwonea, ndiye afikaye darasani na sare chafu. Ningekuwa na amri, ningeanza kwa kumwuliza mtoto huyo barabara ipitishwe wapi.

Haki kubwa zaidi ambayo mji huu unaingoja ni ya Juni 2000. Tarehe 5 mpaka 10 ya mwezi huo majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yote mawili ya kigeni, yalipigana kati ya nyumba zetu, na Daraja la Tshopo likawa mpaka wa moto. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa na 1,700 hivi waliojeruhiwa. Waliojeruhiwa walipelekwa hospitali juu ya keria za baiskeli, mwenye kupakia akiinama juu ya usukani, na maiti kadhalika.

Serikali yetu ilizishitaki nchi zote mbili mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Juu ya Rwanda, Mahakama ilisema tarehe 3 Februari 2006 kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Juu ya Uganda, ilitoa hukumu Desemba 2005, na tarehe 9 Februari 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325 kwa yale yote yaliyofanywa na jeshi lake katika nchi yetu: milioni 225 kwa watu, 40 kwa mali zao, 60 kwa utajiri wa nchi uliochukuliwa, nazo zilipwe kwa mafungu matano, moja kila mwaka. Mfuko wa kuzigawa una makao yake hapa Kisangani.

Wanasheria wana sababu zao, nami siwezi kubishana nao. Mimi naona hivi tu: mtu akigongwa na pikipiki mbili kwa pamoja, mguu uliovunjika ni mmoja, na hauulizi ipi imefungwa mikono na sheria na ipi haikufungwa. Tena, mali hudaiwa kwa hati. Mwenye nyumba ya matofali aweza kuonyesha kiwanja chake. Lakini baiskeli iliyoteketea ukutani mwa nyumba ya jirani, ambayo kwayo baba alilisha watoto sita, ilikuwa na risiti gani? Ilinunuliwa vipande vipande: fremu kwa mjomba, gurudumu sokoni, mnyororo kwa mkopo. Mashahidi wake ni wale waliopakiwa, na wengi wao wamekwisha kuzeeka kama mimi. Yafaa waulizwe sasa, wakiwa wangali wanakumbuka.

Mgeni mwenye siku moja zaidi na avuke aende Lubunga. Daraja hakuna, watu huvuka kwa mitumbwi, baiskeli zikilazwa katikati juu ya mizigo. Ng'ambo kuna kituo cha reli ya kwenda Ubundu, kilomita 125, iliyojengwa kwa ajili ya kuyazunguka maporomoko na kufunguliwa mwaka 1906. Kuna pia njia ya Opala, ambayo wakati wa mvua humezea malori, na baiskeli hupita pembeni. Nauli ya mtumbwi hutozwa mara mbili, ya mtu na ya baiskeli. Safari moja nilimwuliza kijana mwenye mtumbwi kwa nini baiskeli ilipe, maana haili wala haisemi. Akanijibu, "Papa, haipigi kasia." Nikamwambia kwamba hata mimi sipigi kasia. Akafikiri kidogo, akainama, akanipa kasia moja lililokuwa chini ya miguu yake. Nikalipiga mpaka Lubunga, na nauli ya baiskeli hakuidai.