Nyoka wa Pili

Wadau, hapa Houston nafuga nyoka wa mahindi, mwekundu, mpole, hana sumu. Jumamosi nikaenda kumchagua wa pili. Nikampenda chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Bei si tatizo. Panya waliogandishwa ninao, tangi lake la kioo ninalo, maana hawa hawawekwi pamoja. Nikauliza anaishi muda gani. Akitunzwa vizuri, anaweza kufikisha miaka 30!

Mimi nina 26. Mama yangu, Tanga, kila akipiga simu anauliza nitarudi lini nyumbani. Nikimnunua chatu huyu, nitakuwa nimeshamjibu. Nikatoka dukani mikono mitupu. Nyie mngefanyaje?