Usiku Tuliolipia Hofu



Mwezi uliopita wenzenu watatu walikuja nyumbani kwetu Mangobo na ombi. Walikuwa wameona katika simu zao jinsi vijana wa Ulaya na Marekani wanavyoupitisha usiku wa tarehe 31 Oktoba, nao wakatamani kufanya jambo la namna hiyo katika ukumbi wa parokia: taa zizimwe, wavae vinyago, ngoma zipigwe gizani, na kila anayeingia atoe faranga 1,000 kwa mfuko wa kundi. Walitujia sisi kwa kuwa walisikia tuliwahi kuishi Ubelgiji na kwamba sherehe hiyo tuliiona kwa macho yetu. Tuliwaomba watupe siku chache. Jibu letu ndilo hili, nalo ni refu kuliko walivyotarajia.

Ni kweli tuliiona. Ulikuwa mwaka wa pili wa ndoa yetu, mmoja wetu akisoma, mwingine akifanya usafi katika ofisi usiku. Marafiki wawili, mume na mke, Wakongo kama sisi lakini waliozaliwa huko, walitualika twende pamoja katika bustani moja ya michezo nje ya Brussels. Mchana ni mahali pa watoto, pana treni za kupanda na kushuka na mabembea makubwa. Katika majuma ya mwisho ya Oktoba hubaki wazi mpaka usiku, nayo hugeuzwa kuwa mji wa wafu. Mashine hutoa ukungu, misalaba ya plastiki husimikwa kwenye nyasi, na vijana walioajiriwa kwa msimu huo hutembea katikati ya watu wakiwa wamepakwa damu ya rangi. Tiketi zilikuwa ghali kwetu. Tulizilipa kwa furaha, maana tangu harusi hatukuwa tumetoka usiku kwa ajili ya kucheka tu.

Na tulicheka kwelikweli. Msidhani tunaandika ili kuulaani usiku ule. Rafiki yetu, mwanamume mrefu mwenye sauti nzito, alipiga ukelele kama mtoto alipochomolewa ulimi na mtawa wa bandia, na mke wake akaketi chini kwa kicheko. Tulikula viazi vya kukaanga kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Kanuni ya mahali pale ni moja: wanaotisha hawaruhusiwi kukugusa. Hukukaribia mpaka unahisi pumzi yao shingoni, lakini mkono hauletwi. Tuliona kanuni hiyo ni ya heshima, hata tukasema kwa mzaha kwamba ingefaa ifundishwe kwetu kwa wakusanya ushuru.

Kisha tukaingia katika handaki. Lilijengwa kwa mbao na turubai, jembamba, la kupita mmoja mmoja. Jina lake mlangoni lilikuwa la vita. Ndani giza lilikuwa kamili, na harufu ya moshi. Ukasikika mshindo mzito uliotikisa sakafu, halafu kimya, halafu sauti nyembamba ya kitu kinachokuja kutoka juu.

Mmoja wetu aliketi chini. Hatutasema ni nani kati yetu, kwa sababu tumekubaliana kusimulia haya kwa kinywa kimoja. Aliketi, akajikunja, akafunika masikio, na maji yakamtoka. Mwenzake aliyekuwa nyuma alidhani ni mchezo, akacheka. Rafiki yetu naye akawasha simu na kupiga picha za video, kama watu wote walivyokuwa wakifanya usiku ule. Video hiyo ilidumu sekunde chache tu kabla haijafutwa, lakini kicheko kilichomo ndani yake hakikufutika upesi nyumbani mwetu.

Aliyetambua wa kwanza kwamba huo haukuwa mchezo alikuwa askari wa bandia. Alivua kinyago chake, akaita kwa redio taa ziwashwe, akapiga magoti. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, uso umelowa jasho, rangi ikimchuruzika. Hakumgusa, akishika kanuni yake hata wakati huo. Alisema tu, mara nyingi, kwa Kifaransa: ni mbao, bwana, bibi, tazameni, ni mbao. Akagonga ukuta kwa vidole ili tusikie. Tulitoka kwa mlango wa pembeni.

Ninyi mlizaliwa baada ya mwaka 2000, basi yafaa tuseme wazi kile ambacho wazee wenu huita kwa kifupi Vita vya Siku Sita. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni mwaka ule, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji wetu kana kwamba Kisangani haina watu. Maelfu ya makombora yalianguka juu ya nyumba, makanisa, shule na zahanati. Umeme na maji vilikatika. Raia waliokufa walihesabiwa kwa mamia, na wengi walizikwa uwanjani kwao, maana hapakuwa na njia ya kufika makaburini. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio namba 1304 kudai majeshi hayo yaondoke. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitamka kwamba Uganda ina hatia kwa matendo yake nchini mwetu, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Hayo ndiyo yaliyoandikwa.

Hili lifuatalo halikuandikwa popote. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi karibu na mahali pa maegesho, marafiki zetu wamekwenda kutafuta chai ya moto, ndipo mmoja wetu aliposimulia kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka tisa. Siku ya tatu ya mizinga, familia iliamua kukimbilia mtoni, kutafuta mtumbwi wa kuvuka hadi Lubunga. Koko hakuweza kutembea. Mjomba alisema atarudi na baiskeli yake ya toleka kumchukua, na mtoto akaamriwa abaki akae naye, asiogope peke yake. Mtoto alikaa kidogo. Kombora lilipoanguka mtaa wa pili alitoka mbio, akawafuata wengine, naye koko akimwita kwa jina. Mjomba aliporudi hakukuta jiko wala ukuta wa chumba.

Mwenzake alikuwa akijua sentensi moja tu: koko alikufa wakati wa vita. Tulikuwa tumekaa mafundisho ya ndoa miezi mingi, tumeulizwa kuhusu fedha, watoto, wakwe na sala za jioni. Hakuna aliyetuuliza kila mmoja wetu anaogopa nini. Benchi lilikuwa na umande. Hatukusema maneno ya hekima. Yule aliyecheka aliomba msamaha kwa kucheka, na aliyesimulia akasema hakukisikia kicheko, alisikia jina lake tu. Marafiki zetu walirudi na vikombe vinne, wakasimama mbali kidogo mpaka tulipowaita.

Tangu hapo tumesoma kuhusu usiku huo. Jina lake la Kiingereza ni la Kikristo, nalo maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Sikukuu ya tarehe 1 Novemba ilienezwa katika nchi za Wafaranki karne ya 9, na kumbukumbu ya marehemu wote ya tarehe 2 ilianzishwa na abati Odilo kwa monasteri za Cluny, mwishoni mwa karne ya 10. Waairishi waliohamia Marekani katika karne ya 19 walibeba desturi zao za mkesha, na huko turnipu waliyozoea kuichonga ikaachwa kwa ajili ya boga. Wenye bustani za michezo walikuja baadaye sana. Knott's Berry Farm ya California ilianza usiku wake wa kutisha mwaka 1973. Wala kutisha watu kwa utaratibu si jambo geni hata katika Tshopo. Wambole walikuwa na Lilwa, na sanamu za ofika, zenye umbo la watu walionyongwa, zilionyeshwa kwa waliokuwa wakifundwa ili wajue sheria ina makali. Tofauti ni kwamba ofika alikuwa mtu kweli, na kila aliyemtazama aliijua habari yake.

Tulirudi Kisangani miaka minne iliyopita. Kila tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, tunaamka mapema kama ninyi nyote kufyeka makaburi. La koko liko uwanjani, chini ya msafu. Mwaka wa kwanza mmoja wetu alifyeka, mwingine akashika ndoo. Sasa tunafyeka wote wawili.

Basi wale watatu walirudi Jumapili kuchukua jibu. Tuliwasimulia haya, kwa ufupi zaidi. Walinyamaza. Kisha msichana mmoja akasema mama yake huzima redio kila ngurumo inapoanza, naye alidhani ni kwa ajili ya umeme. Tuliwaambia wafanye usiku wao wakipenda, wavae vinyago na kuchekana, ila waache ngoma za gizani, na waache taa moja ikiwaka kwenye mlango wa kutokea. Walituuliza kama tutakuja. Tulisema tutakuja, nasi tutakaa karibu na mlango huo.