Cheti cha Babu Yangu

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya. Alikwenda Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akavuka mto Chindwin mwezi wa Desemba mwaka 1944, akarudi nyumbani na homa, kovu la begani na cheti. Kovu alitusimulia mara nyingi. Cheti alikificha kashani, chini ya nguo za Idi. Kiliandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Alipomwomba mwalimu wa kijiji amsomee habari ya tabia yake, mwalimu alisema, "Nzuri." Babu aliuliza kama hapana neno jingine mbele yake. Halikuwapo. Wenzake wawili waliandikiwa "nzuri sana," wakapata kazi ya ulinzi mjini. Yeye alirudia jembe.

Sababu aliijua, au alidhani anaijua. Siku moja kambini alimwuliza afisa wake kwa nini mshahara wa askari mweusi haukufika hata nusu ya ule wa askari mweupe, na risasi iliyowawinda ilikuwa moja. Aliuliza kwa adabu, amesimama wima. Afisa hakumjibu.

Jeshi hilohilo lilimwandika Idi Amin mwaka 1946, awe msaidizi wa jikoni. Alikuwa pandikizi la mtu, bingwa wa ngumi, mwepesi wa kutii, na wakuu wake Waingereza walipendezwa naye. Mwaka 1959 alipewa daraja ya efendi, na mwaka 1961 akawa luteni. Mwaka 1962 askari waliokuwa chini ya amri yake walituhumiwa kuwatesa na kuwaua wafugaji wa Turkana. Yeye hakufikishwa mbele ya mahakama. Miaka tisa baadaye aliipindua serikali ya Uganda. Sisemi kwamba sifa za wakuu ndizo zilizomfanya alivyokuwa. Lakini zilimpandisha ngazi, na ngazi ndiyo iliyomfikisha.

Jeshi haliwezi kukaa bila taarifa za namna hii. Mkuu wa maelfu hawezi kuwajua watu wake kwa nyuso, na apandishwaye cheo hukabidhiwa roho za wengine. Ila taarifa huandikwa na aliye juu, kwa macho ya juu. Yeye huona viatu ving'aavyo na saluti iliyonyooka. Kama koplo hula posho ya wenzake, au hujikunyata risasi ziliapo, wanaojua ni wale walio chini yake, nao aghalabu hawaulizwi.

Wamarekani walihangaika na ugonjwa mwingine. Taarifa za maafisa wao zilijaa sifa hata karibu kila mtu akawa bora kuliko wenziwe, jambo ambalo hesabu hailikubali. Fomu ya mwaka 1997 iliweka kikomo: watakaowekwa daraja la juu na mkuu wao sharti wawe pungufu ya nusu. Sifa ikarudi kuwa na thamani. Walakini katika kikosi kilichojaa hodari, wengine hushushwa kwa kuwa nafasi zimekwisha, wala hawana kosa.

Nami huandika. Kila mwaka fomu za wahadhiri vijana huletwa mezani pangu. Mwaka jana mmoja wao, mwenye kipaji na ulimi mkali, alinipinga kikaoni mbele ya wageni juu ya maana ya ubeti mmoja, na haki ilikuwa upande wake. Majuma mawili baadaye niliijaza fomu yake. Kazi yake ilistahili "nzuri sana". Kalamu yangu iliandika "nzuri," ikapita. Sikuona hasira moyoni; hata nilijisifu kwa kiasi.

Alikuja mlangoni, akakataa kiti. "Mwalimu, nilikosa wapi?"

Nilimwambia hakukosa kitu.

"Basi lipi lililopungua?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilikitoa cheti cha babu, nilichoachiwa na mama, nikakitazama mpaka taa ikaniumiza macho. Asubuhi nilimwandikia mkuu wa kitivo nikiomba fomu ile irudishwe, na sababu nikaitaja. Majibu bado hayajaja, na kijana, tukikutana ukumbini, hunisalimu kwa adabu kubwa mno.