Wingi wa Kiesperanto, Darasani Cheyo

Nafundisha Kiesperanto jioni hapa Cheyo, Tabora. Kila anayesikia huniuliza: lugha ya kutungwa, yenye kanuni 16 tu, inakuchosha nini? Zamenhof aliitoa mwaka 1887, na kweli wingi wake unaelezeka kwa dakika moja. Nomino huishia na o. Ukitaka wingi unaongeza j, inayosomwa kama y. Libro ni kitabu, libroj ni vitabu. Ngeli hakuna.

Sasa njoo usahihishe madaftari.

Masikio yetu yanautafuta wingi mwanzoni mwa neno: ki na vi, m na mi, na kwa Kinyamwezi ka na tu. Huku uko mkiani. Hilo wanalizoea upesi. Kinachogoma ni nyumba, meza na kalamu. Kwetu nyumba ni nyumba, iwe moja au kumi, kazi ya kuhesabu tunaiachia "hii" na "hizi". Basi mtu anaandika "dek domo" badala ya "dek domoj", na bei zote za sokoni ni "mil ŝilingo". Unamrudishia, anasahihisha, kesho yale yale.

Halafu kuna maji. Tunasema maji haya, maziwa haya, mafuta yale. Kwa hiyo maji ya ndoo moja ananiandikia "akvoj", wakati Kiesperanto kinataka "akvo". Anabisha, na hoja anayo: tangu azaliwe hajasikia maji yakitajwa kwa umoja.

Wageni hudhani sifa ndizo zitatushinda. Wapi! "Belaj libroj", vitabu vizuri: upatanisho huo wanaudaka siku ya kwanza, wamezaliwa nao. Kitenzi ndicho kinachowakera. Libro falis, libroj falis. Kimeanguka kimoja au vimeanguka vingi, kitenzi ni kile kile. Wanakiona kama mtu aliyetoka nje bila shati.

Matamshi nayo. Neno kuishia na konsonanti hatuna, hivyo "libroj" inakuwa li-bro-i, silabi tatu, na mkazo unahama kutoka li kwenda bro. Ikiongezwa n ya yambwa, "librojn", napata "libroini".

Mwaka 2024 Kongamano la Dunia la Kiesperanto lilifanyika Arusha, mara ya kwanza barani Afrika. Vizuri. Lakini mazoezi ninayofundishia bado yanaanza na kitabu na mti. Mnaotuandikia vitabu, anzeni na nyumba na maji. Kitabu na mti tutavimaliza wenyewe.