Ripoti ya Asiyeibiwa

Majuzi nikiwa ndani ya tramu, hapa Brussels, iliingia barua pepe iliyojifanya imetoka posta. Eti mzigo wangu umezuiliwa, nibonyeze hapa nilipe yuro 2 na senti kadhaa. Sikuwa nimeagiza hata soksi. Nikaituma ilivyo kwa suspect@safeonweb.be, nikaifuta, nikashuka kituo changu.

Anwani hiyo ni ya Kituo cha Usalama wa Mtandao cha Ubelgiji. Wanaosema Kiflemi wana yao, verdacht@safeonweb.be, maana katika nchi hii hata tapeli inambidi awe mkalimani. Hakuna anayekuandikia kukupa pole. Mashine huchunguza kiungo kilichomo, na kikionekana ni cha wizi, atakayekibonyeza baadaye hukutana na ukurasa wa onyo. Ujumbe wa simu nao unapigwa picha kwenye skrini, na picha ndiyo inayotumwa. Mwaka 2023 walipokea karibu jumbe milioni 10, katika nchi ya watu wasiofika milioni 12. Aliyekwisha kutoa namba za kadi yake, huyo hupiga 078 170 170 kadi ifungwe, kisha huenda polisi.

Jioni nikampigia shangazi yangu aliyeko Buyenzi, mjini Bujumbura, kwetu Burundi. Nilipomsimulia, akacheka.

"Mimi walinipigia juzi. Eti, mama, nimekutumia pesa kwenye Lumicash kwa makosa, nirudishie, mtoto yuko hospitali."

"Ukafanyaje?"

"Nikaangalia salio, hakuna kitu. Nikamuombea mtoto wake apone, nikakata."

"Hukwenda kuripoti?"

"Niripoti nini, mwanangu? Kwani nimeibiwa?"

Swali hilo lilinikaa kichwani kuliko barua ya posta. Kwetu ripoti ni ya aliyeumia. Binamu yangu aliyewahi kutapeliwa alizunguka kwa wakala, akaenda kwenye kampuni ya simu, akaishia polisi, na kila mlango ulimuuliza kwanza amepoteza kiasi gani. Angejibu kwamba hajapoteza kitu, nadhani wangemuuliza basi amefuata nini. Sheria ya makosa ya mtandaoni tunayo tangu Machi 2022, ila mwenye kuikumbuka ni yule ambaye pesa yake imekwisha kwenda. Huku Ubelgiji wanaotafutwa zaidi ni wale ambao mtego haukuwanasa, kwa kuwa ndio waliouona ungali umetegwa.

Hata hivyo sanduku la barua pepe la Wabelgiji lisingemfaa shangazi. Tapeli wake hana kiungo cha kuchunguzwa. Ana sauti na namba. Majirani zetu Watanzania wamelielewa hilo: ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hupelekwa 15040 pamoja na namba ya aliyeutuma. Kenya, mteja wa Safaricom huupeleka 333. Kuripoti huko hakuhitaji uwe umelia kwanza. Shangazi hajawahi kuambiwa namba ya aina hiyo, na yeye namba anazishika kichwani vizuri kuliko mimi.

Ila msidhani alinyamaza. Siku aliyopigiwa, kabla ya magharibi avenyu nzima ilishajua. Mafundi wa magari walijua, wauzaji wa soko la Ruvumera walijua, na kundi la WhatsApp la chama chao lilipata sauti ya dakika tatu, shangazi akimwigiza tapeli pamoja na kikohozi chake. Namba ikasomwa mara mbili, polepole, kwa ajili ya wasioona vizuri.

Mimi je? Bibi wa ghorofa ya chini, Mbelgiji wa miaka sabini na kitu, alipata barua ile ile ya posta, akalipa. Nilikutana naye ngazini siku mbili baadaye akiwa ameshafunga kadi yake. Kila asubuhi tunasalimiana mlangoni. Lakini nilikuwa nimeshairipoti serikalini, kwa hiyo sikuwa nimemwambia mtu.

Nikampigia tena shangazi, nikamwomba anitumie namba ya yule mtu. Akanitumia sita. Kwenye simu yake zimehifadhiwa kuanzia Mwizi 1 hadi Mwizi 6, na Mwizi 4 ana alama ya kuuliza: huyo, anasema, huenda kweli alikosea namba.